Bampa lililopinda njiani

Tulikuwa tumesimama Hinckley, takribani nusu ya njia kati ya Minneapolis na Duluth, jimboni Minnesota, Marekani, ili kujaza mafuta na kunyoosha miguu. Nilizunguka nyuma ya trela letu la kulala kwa mazoea tu, kama mtu anayehakikisha kwamba amefunga mlango ambao anajua kuwa ameufunga, nikaona gurudumu la mbele la baiskeli ya mke wangu limesogea karibu na lami kuliko lilivyokuwa asubuhi. Tulipoondoka nyumbani, nafasi iliyokuwa chini ya gurudumu lile ilinifika gotini. Sasa ilikuwa imebaki shubiri moja na kidole.

Baiskeli hazikuwa zimelegea. Mikanda ilikuwa imekaza vilevile nilivyoikaza, na keria, ile fremu ya kubebea baiskeli niliyoifunga kwenye bampa, ilikuwa nzima, kila bolti mahali pake. Kilichogeuka kilikuwa bampa lenyewe. Lile bomba la mraba lililo nyuma ya trela lilikuwa limejisokota kuelekea chini, kama abiria anayesinzia kwenye kiti cha basi, na kwenye pembe ya kushoto, pale lilipochomelewa kwenye fremu, rangi nyeusi ilikuwa imepasuka na kuacha ufa mwembamba. Upande mmoja wa ufa ule ulikuwa unang'aa. Upande wa pili ulikuwa na kutu.

Kwenye pampu iliyokuwa nyuma yetu, mwendesha pikipiki alikuwa anavaa kofia yake ngumu, tayari kurudi barabarani.

Nilimtazama mtu yule kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Swali nililouliza dukani

Wiki sita zimepita, na katika wiki mbili za mwanzo nilikuwa nawasimulia watu kisa hiki kama mtu aliyedhulumiwa. Nilikwenda dukani, nikaeleza kwamba nina trela la kulala lenye bampa la mraba la inchi 4, nikauliza kama keria ile ingeingia, nikaambiwa kwamba ingeingia. Nilifika nyumbani, nikafunga vibano vyake vinne, na kweli iliingia bila hata kulazimisha. Katika masimulizi yangu muuzaji ndiye aliyekuwa mkosaji, na wasikilizaji wangu walitikisa vichwa pamoja nami.

Lakini kila nilipokisimulia, kisa kilipungua nguvu mdomoni mwangu. Niliuliza kama itaingia, nikajibiwa kwamba itaingia, na jibu lilikuwa sahihi. Sikuuliza bampa lenyewe linashikwa na nini. Isitoshe, kulikuwa na kitabu cha trela, kile ambacho kila mmiliki hupewa na karibu kila mmiliki hukitumia kutafuta jinsi ya kuwasha hita na kisha kukisahau kabatini. Ndani yake kuna sentensi isemayo kwamba bampa la nyuma halikukusudiwa kubeba mzigo wowote wa ziada zaidi ya gurudumu la akiba. Niliisoma sentensi hiyo mwaka nilionunua trela. Nakumbuka niliisoma kwa sababu pembeni yake niliweka alama ya kalamu.

Karatasi ya keria nayo ilikuwa na mstari wake, kwa herufi ndogo: isitumike kwenye kitu kinachokokotwa. Ule sikuusoma hadi siku niliporudi kutoka safari.

Bomba la kuwekea mpira wa maji machafu

Katika mtaa wa pili na kwetu anaishi mzee mmoja mwenyeji wa Tanga ambaye amechomelea vyuma maisha yake yote, kwanza nyumbani na baadaye huku Minnesota. Nilimpelekea trela Jumamosi moja asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe hicho kilichokunyima usingizi."

Nilimwonyesha. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye ufa, kisha akaenda kwenye ncha ya bampa, akachomoa kifuniko cha plastiki na kuchungulia ndani. Ndani mlikuwa na lile bomba laini la kumwagia maji machafu ya choo, limekunjwa kama chatu aliyeshiba.

"Nani alikuambia kwamba hili ni bampa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinieleza kwamba kwenye gari, bampa hutengenezwa ili lipokee kishindo, lakini kwenye matrela mengi ya aina yangu kitu hiki ni sanduku refu la bati nene ambalo kazi yake kubwa ni kuhifadhi mpira wa maji machafu na kuipa trela sura ya kukamilika kwa nyuma. Alipima unene wa ukuta wake kwa kalipa: milimita 2 na nusu. Kila ncha ilikuwa imeshikwa kwenye fremu kwa kipande kifupi cha chuma na mshono wa kuchomelea usiozidi urefu wa kidole changu cha kati.

Kisha akaniuliza baiskeli zinakaa umbali gani kutoka kwenye bomba. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Baiskeli zetu ni za umeme, kila moja ina kilo 25, na keria ina kilo 20, kwa hiyo ni kilo 70 kwa jumla. Kilo 70 zikiwa zimelala moja kwa moja juu ya bomba zingekuwa jambo jingine. Zangu zilikuwa zimening'inia nusu mita nyuma yake, na mzigo unaoning'inia hivyo hausukumi chini tu, bali hulisokota bomba mithili ya mtu anayekamua nguo. Bomba jembamba la mraba huweza kuvumilia kukandamizwa, lakini kusokotwa hulichosha upesi, hasa kwenye zile pembe mbili lilipochomelewa.

Na hapo trela bado limesimama.

Trela likiwa barabarani, sehemu ya nyuma kabisa ndiyo inayorushwa zaidi. Gari dogo lina ekseli ya nyuma karibu na keria, na springi zake ni laini. Trela langu lina ekseli mbili zilizokaribiana katikati, springi zake ni ngumu, na mkia wake umerefuka karibu mita 3 nyuma ya magurudumu, hivyo kila gurudumu linapopanda uvimbe wa lami, mkia hupanda na kushuka kwa kishindo, na kwa mshituko mmoja kilo 70 zinaweza kuwa na nguvu ya kilo 140 au zaidi. Mtu aliyewahi kukaa kiti cha mwisho cha basi kwenye barabara ya vumbi hahitaji maelezo zaidi. Barabara za huku si za vumbi, lakini majira ya baridi huzipasua, maji huganda ndani ya nyufa na kuiinua lami, na ifikapo Juni magurudumu hugonga viungo vyake kwa mdundo mmoja kwa maili nyingi mfululizo. Kila mdundo ulikuwa unaukunja ule mshono mfupi kidogo tu, mara elfu kwa elfu.

Upande wa kutu

Nilimuuliza mzee jambo ambalo nilikuwa nimeogopa kuliuliza: kwa nini ufa ulikuwa na rangi mbili?

"Panapong'aa pamekatika siku yako ile," alisema. "Penye kutu pana mwaka, au karibu na mwaka."

Hili ndilo lililonisumbua kwa wiki zote hizi, kuliko hata kupinda kwenyewe. Kabla ya Hinckley tulikuwa tumefanya safari tatu na keria ile, na katika safari hizo niliwapita watu wengi barabarani nikiwa nimeridhika kabisa na kazi ya mikono yangu. Nilikuwa na ushahidi kwamba iko salama: haijaanguka. Rafiki yangu mmoja aliyetaka kununua keria kama hiyo aliniuliza kama inashika vizuri, nami nikamjibu kwa uhakika wa fundi kwamba inashika, nimekwenda nayo maili elfu moja. Wakati ninasema maneno hayo, mvua ilikuwa imeshaingia ndani ya ufa.

Nilimpigia simu rafiki yule jioni hiyohiyo. Bahati njema alikuwa hajanunua.

Mkokoteni

Ningeweza kuishia hapo: bampa ni dhaifu, litiwe nguvu, safari iendelee. Karibu nifanye hivyo. Lakini kulikuwa na jambo dogo nililoliona siku ile ya Hinckley ambalo halikuingia kwenye maelezo ya bampa.

Tulipogundua ufa tulizishusha baiskeli, tukaziingiza ndani ya trela na kuzilaza ukumbini juu ya blanketi kuukuu, huku mke wangu akiniuliza kwa upole kama ninajua bei ya kusafisha zulia lenye grisi. Tukaendelea na safari. Na kutoka Hinckley hadi tulipoteremka mlima wa kuingilia Duluth, na kutoka hapo kwa barabara ya 61 kando ya ziwa hadi Gooseberry Falls, trela lilitulia. Kabla ya hapo, kila lori lilipotupita, nilisikia mkia ukitaka kwenda upande, halafu kurudi, halafu kwenda tena. Siku zote nilikuwa nausingizia upepo. Mchana ule upepo ulikuwa uleule.

Aliyekulia karibu na soko anaijua sababu bila kufundishwa. Mwangalie mtu wa mkokoteni pale Kariakoo anapopakia magunia. Hawezi kuyarundika nyuma ya magurudumu, kwa sababu mikono ya mkokoteni itanyanyuka na yeye ataning'inia hewani kama nguo kwenye kamba. Huyapanga ili uzito uegemee mbele kidogo, kiasi cha kuisikia mikono ikimlalia viganjani. Ikimlalia mno, atachoka kabla ya kufika; isipomlalia kabisa, mkokoteni ndio utakaoamua njia. Trela ni mkokoteni, na pikapu yangu ndiye mtu aliyeshika mikono. Sehemu ya mbele ya trela, ile inayokalia tufe la chuma nyuma ya pikapu, mimi naiita shingo, na kanuni inayokubalika Marekani kwa matrela ya namna hii ni kwamba shingo ibebe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela. Ikishuka chini ya 10, trela huweza kuanza kuyumba kama mkia wa samaki.

Nilikuwa nimewahi kuisoma kanuni hiyo pia, na ninaona haya kuandika hivyo kwa mara ya pili.

Kwa hiyo nikapima. Nililipitisha trela kwenye mizani ya malori, kisha nikaazima mizani maalumu ya kuweka chini ya shingo, juu ya sakafu iliyo sawa. Trela likiwa limepakiwa kwa safari, bila baiskeli, lilikuwa na kilo 2,600, na shingo ilibeba 290. Hiyo ni zaidi kidogo ya asilimia 11, na kama ningeishia hapo ningelala usingizi. Kisha nikapiga hesabu ya baiskeli. Zilikuwa zinakaa mita 3.4 nyuma ya katikati ya ekseli, na kutoka katikati hiyo hadi kwenye tufe ni mita 4.8. Zidisha kilo 70 kwa 3.4, gawanya kwa 4.8, unapata karibu kilo 50. Hizo ndizo kilo ambazo baiskeli ziliiondolea shingo. Zikabaki 240 kwenye trela lenye uzito wa 2,670.

Asilimia 9.

Nilirudia hesabu mara tatu, mara ya mwisho kwa kalamu na karatasi, kana kwamba kikokotoo ndicho kilichokuwa kinanionea. Kama bampa langu lingekuwa la chuma cha reli, lisingepinda kamwe, nami ningeendelea kuendesha mwaka baada ya mwaka trela lenye mkia mzito, nikiulaumu upepo, mpaka siku moja ya mteremko na lori linalopita kwa kasi. Udhaifu wa bomba lile la maji machafu ndio ulionisimamisha. Bado sijui nilishukuru au nilikasirike.

Njia nilizozikataa

Watu wengi hufunga keria kwenye ngazi ya nyuma ya trela. Ngazi hiyo imeshikwa kwa skurubu kwenye ukuta mwembamba, na sikuhitaji mzee aje aniambie. Juu ya paa hapafai kwa baiskeli za umeme, maana mimi na mke wangu tumeshapita umri wa kunyanyua kilo 25 juu ya vichwa vyetu.

Mbele, juu ya shingo, nyuma ya mitungi ya gesi, ndipo nilipopafikiria kwa muda mrefu zaidi. Huko uzito huongezeka mahali unapotakiwa, na mkia haurushi kitu. Lakini pikapu nayo ina kikomo chake cha kubeba shingoni, na nilipopima pembe ya kukata kona kali, usukani wa baiskeli ulikuwa unakaribia kabisa mlango wa nyuma wa pikapu. Kwa mwenye shingo ndefu zaidi ya yangu, ningemshauri aanzie huko.

Sanduku la nyuma la pikapu ndilo jibu la busara kuliko yote, na kila anayenishauri huanza nalo. Letu hujaa kuni, jenereta na viti. Najua kwamba hiyo ni sababu hafifu. Tuliijadili mezani jioni mbili, na jioni ya pili mke wangu alisema kwamba kama tumekubali kubeba jenereta ya kuendeshea feni, basi tusijifanye hatuna nafasi. Tuliiacha jenereta. Bado baiskeli mbili hazikukaa bila kuondoa na kuni.

Tulichotengeneza

Mzee alilikata bampa la zamani lote. Mahali pake aliweka boriti nene inayovuka kutoka upande mmoja wa fremu hadi mwingine, na kila ncha akaipa bamba la chuma linaloingia mbele kiasi cha dhiraa moja kando ya boriti za fremu zenyewe, likashikwa kwa bolti. Hakutoboa kwenye kingo za juu na za chini za boriti hizo, kwa kuwa kingo ndizo zinazobeba nguvu kubwa fremu inapojikunja. Alitoboa ubavuni, usawa wa katikati. Katikati ya boriti mpya alichomelea soketi ya mraba ya inchi 2 ya kuchomekea keria. Fremu za matrela haya ni nyembamba kuliko zinavyoonekana, na mtu asiyezijua anaweza kuziharibu kwa moto wa kuchomelea kuliko mzigo ungeziharibu kwa miaka kumi, kwa hiyo kazi hii si ya kujifunzia.

Keria nayo nilibadilisha. Hii mpya imeandikwa waziwazi na watengenezaji wake kwamba imeidhinishwa kwa matrela, baiskeli husimama juu yake kwa magurudumu badala ya kuning'inia kwa fremu, na ndani ya soketi kuna bolti inayoibana isicheze. Kucheza huko nilikuwa nikikuona ni kelele tu, kumbe kila inapocheza inapiga nyundo. Uzito wake ni uleule, kilo 20. Betri za baiskeli huziondoa na kuziweka kwenye kabati la mbele. Taa mbili na kibao cha namba nilivisogeza mahali ambapo baiskeli hazivifichi. Na kuna mikanda miwili inayozunguka fremu za baiskeli na kurudi kwenye boriti, ambayo siku zote inakaa bila kazi, ikisubiri kitu kingine kishindwe.

Lakini asilimia 9 haikuondolewa na chuma hicho. Boriti mpya yenyewe iliongeza uzito nyuma, ingawa karibu yote ilikuwa fidia ya bampa lililotolewa. Kilichosaidia ni kitu ambacho sikukitarajia: maji. Tangi langu la maji safi liko nyuma ya ekseli, kama mita 1.2, na tulizoea kuondoka nyumbani likiwa limejaa lita 150, kwa ile tabia yetu ya kutoamini kwamba maji yatakuwepo mahali tunapokwenda. Kila eneo la kambi tunalolala lina bomba. Nilimwaga maji, nikapima upya: shingo 278, trela 2,520. Asilimia 11.

Mama yangu, nilipomweleza kwa simu kwamba nimepata usalama kwa kusafiri bila maji, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama niko mzima.

Hinckley tena

Jumamosi iliyopita tulirudi kaskazini. Kabla ya kuondoka nilipaka mstari mwembamba wa rangi nyeupe kutoka kwenye kila nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake, ili nati ikizunguka hata kidogo mstari ukatike. Niliendesha kwa maili 60 kwa saa, mwendo ambao vijana huukasirikia, nikirudia kichwani yale niliyojifunza kwa ajili ya siku mbaya: trela likiyumba, usikate usukani wala usikanyage breki ya pikapu, toa mguu kwenye mafuta na ubane breki za trela peke yake kwa swichi ya mkono iliyo ndani ya pikapu. Malori yalitupita. Mkia ulitikisika mara moja, ukarudi.

Tulisimama kituo kilekile; kabla ya hapo, baada ya maili 15 za kwanza, tulikuwa tumeshasimama mara moja nikakaza mkanda mmoja. Mke wangu alikwenda dukani kununua kahawa. Mimi nilizunguka nyuma, nikachuchumaa, nikafuta vumbi kwa kidole kwenye nati ya kwanza ya kushoto. Mstari ulikuwa umenyooka. Nikafuta ya pili. Nilikuwa kwenye ya saba aliporudi na vikombe viwili, akasimama pembeni yangu, na badala ya kuniambia twende, akavishusha chini na kuanza kufuta zile za upande wa kulia.